Neno Moja Lilinirudisha Bunia

Mimi naitwa Espérance, nina miaka ishirini na mitano, na hapa Bunia wamenipa jina la pili: Neno Moja. Ukipita sokoni asubuhi utawasikia vijana wa pikipiki wakiambiana, huyo ndiye aliyeacha Poto kwa sababu ya neno moja. Poto ni Ulaya, kwa wale wasiojua maneno yetu ya barabarani. Wanacheka, wanatikisa vichwa, na wapo wanaoamini kabisa kwamba nilirogwa.

Nawaacha wacheke. Wanasema kweli. Nilirudi kwa neno moja, na hata leo wakinipeleka kule nikakutana na neno lile lile, nitarudi tena!

Siandiki mkasa huu ili mnihurumie, wasomaji wenzangu. Huruma niliipata nyingi, na ndiyo iliyoniharibu.

Neno lenyewe ni yaya. Najua wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam mtafikiria yule mama anayelipwa kulea watoto wa watu. Kwetu Kongo sivyo. Kwetu yaya ni dada yako mkubwa au kaka yako mkubwa, yule aliyetangulia kuzaliwa, ambaye huwezi kumtaja kwa jina tupu mbele ya watu. Mimi nina yaya mmoja tu duniani. Anaitwa Mapendo.

Tulitoka Fataki kwetu wakati wa vita, nikiwa na miaka mitatu na yeye kumi na minane. Nilitoka mgongoni mwake. Wazazi hawakutoka... na hapo sitaongeza neno. Tulipofika Bunia yaya alianza kuuza samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert kwa kopo, na mpaka leo anauza hao hao, sokoni pale pale.

Kwa samaki hao nilisoma. Kwa samaki hao pia yaya alipoteza meno mawili ya mbele, siku lori lilipoteleza kwenye mteremko wa kwenda ziwani akaangukia uso. Nywele zake zilianza kuwa nyeupe akiwa bado msichana. Kuna fundi mmoja wa ujenzi, mtu wa Nyankunde, mtaratibu, aliyemtaka awe mke wake. Alikuwa na sharti moja: mtoto apelekwe kwa masista, maana yeye hakuweza kuanza nyumba na mzigo wa mtu mwingine. Mtoto ni mimi. Yaya alimrudishia vitambaa vyake vyote vya posa akiwa amevikunja vizuri, na hajawahi kuolewa wala kuzaa.

Haya yote nilikuwa nayajua! Nataka mkumbuke hivyo mnapoendelea kusoma. Sikufanya nilichofanya kwa kutojua.

Masista walionisomesha walikuwa wanafahamiana na kikundi cha kina mama wa parokia moja katika mji wa Zaragoza, nchini Hispania. Kikundi hicho kilikuwa kinachukua msichana mmoja kujifunza Kihispania kwao. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha. Mwaka wa pili ulikuwa wa kusomea ukalimani, lakini huo haukuwa wa uhakika, kikundi kingeamua baada ya kukuona. Mimi nilitaka kuwa mkalimani kuliko kitu chochote. Nilichaguliwa, na yaya akazunguka soko zima akitangaza mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, aliniambia kitu kimoja. "Enda ujifunze muzuri. Lakini kila siku unitumie sauti yako. Mi nitabaki na nani wa kusema naye?"

Basi nikawa namtumia. Mwalimu wetu alituagiza tusome kila somo kwa sauti nyumbani, tujirekodi. Nilijirekodi kwenye simu, nikatafsiri mstari kwa mstari kwa Kiswahili ili nione kama nimeelewa, halafu nikamtumia yaya odio ile ile. Sikutaka kutunga habari mbili kwa siku moja. Nilidhani anasikiliza sauti tu, kama mtu anavyoacha redio iongee akiwa anachambua samaki.

Maisha ya kule yalikuwa ya kawaida, msidanganyike na picha za watu. Nilikaa kwa mjane mmoja, Doña Pilar, ghorofa ya tatu na ngazi za kupanda kwa miguu. Asubuhi nilitembea kwenda shule na upepo wa mji ule, unaoingia mpaka kwenye fizi. Chakula cha mchana wanakula saa tisa, na mimi niliyezoea kula saa sita nilikuwa nashinda darasani tumbo likilalamika, Mchina aliyekaa karibu nami akicheka.

Kihispania chenyewe kilinipenda mapema. Kinasomwa kama kinavyoandikwa, sawa na Kiswahili. Meza ni mesa. Nilipoiona meza ile kitabuni nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani safarini. Herufi j tu ndiyo ilinitoa jasho, maana wanaitoa kooni kama mtu anayehangaika na mwiba wa samaki. Na kuna neno esperar, ambalo kwao ni kungoja na pia ni kutumaini, yote mawili kwa pamoja. Nilimweleza yaya kwamba jina langu limo humo ndani. Kesho yake akanijibu kwa odio, kelele za soko nyuma yake: "Mi niko na-esperar tu." Nilicheka sana, nikafikiri ni utani.

Sasa lile neno.

Wiki ya pili Doña Pilar aliona picha ya yaya niliyoiweka kando ya kitanda. Yaya amekaa nyuma ya samaki wake, nywele nyeupe zimechungulia kwenye kitambaa cha kichwa, anacheka na yale mapengo yake. Akaniuliza ni nani. Kihispania changu kilikuwa bado cha mkono mmoja, na nilipokosa neno nilitumia la kwetu. Nikamjibu kwamba ni yaya yangu, aliyenilea baada ya wazazi kufa.

Doña Pilar aliweka mkono kifuani. Macho yakamjaa maji. Akanikumbatia, na jioni ile akanipa sehemu kubwa ya nyama. Nilimwona ni mtu wa ajabu kidogo lakini mwema.

Siku chache baadaye darasani tulifika kwenye somo la familia. Mwalimu aliandika ubaoni abuela, yaani bibi, mama wa mama au mama wa baba. Halafu akaongeza kwamba hapa mjini kwetu mtasikia watu wengi wakimwita bibi kwa jina la upendo... yaya.

Nilihisi masikio yanawaka moto.

Hapo ndipo nilipokosea, wasomaji. Kama kuna saa ambayo ningependa kuirudia ni ile. Nilitoka shuleni nimeshapanga sentensi nzima kichwani, vitenzi vyote vimekaa sawa: Doña Pilar, yaya kwetu maana yake ni dada mkubwa. Ni sentensi fupi, hata mtoto wa wiki mbili za Kihispania angeimudu. Nikafungua mlango. Nikamkuta ameketi sebuleni na sindano zake za kufumia, na mapajani ana shali ya sufu ya kijivu, karibu imekwisha. Akaniambia anamfumia yaya yangu, wazee hawapendi baridi.

Ningewezaje? Ndivyo nilivyojiuliza siku ile. Leo najijibu kwamba ningeweza, kwa kufungua mdomo tu.

Nilinyamaza. Na kunyamaza kule kulinoga. Bibi mzee maskini wa Afrika aliyelea mjukuu yatima kwa kuuza samaki... hadithi hiyo iliwafungua watu mioyo kuliko dada. Ningesema dada wangeuliza ana umri gani, ana mume, ana watoto, mbona meno hayapo. Bibi hakuulizwa lolote. Bibi alipendwa tu. Kina mama wa kikundi walianza kumwombea kila Alhamisi, na mimi nilikaa katikati yao nikainamisha kichwa nikaitikia amina.

Siku moja mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye sauti ya kanisani, aliniuliza yaya yangu ana miaka mingapi. Yaya alikuwa na thelathini na tisa. Nikajibu: setenta. Sabini! Neno lilitoka bila kukwama, hata lafudhi ilikuwa nzuri.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Nikipiga simu ya video nyumbani nilihakikisha Doña Pilar ameenda sokoni. Somo lile la familia sikumtumia yaya odio yake, nikamwambia siku hiyo niliumwa koo. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa nimesahau kwamba somo la nne, wiki moja kabla, lilikuwa na hadithi ya Carmen na Doña Luisa. Doña Luisa ni abuela wa Carmen. Carmen ni nieta wa Doña Luisa. Nilikuwa nimelisoma mara tatu kwa sauti, na kutafsiri, na kulituma.

Miezi ikaenda. Kihispania changu kikanawiri, mwalimu akanisifu, na mwezi wa sita ikafika siku ya chakula cha wafadhili, ambapo kikundi kingeamua juu ya mwaka wangu wa pili. Ukumbi ulipambwa, meza ndefu, mikate, kina mama wamevaa mikufu yao. Wakati wa kahawa mwenyekiti alisimama akasema wananiandalia jambo la kunishangaza. Wakashusha skrini kubwa ukutani. Wakanipa simu yangu iliyounganishwa nayo. Wakasema, mpigie yaya, leo tunataka kumwona.

Ningekataaje? Ningesema hakuna mtandao Bunia? Nilijaribu. Wakasema jaribu tu.

Majira yale saa zetu na zao zinalingana, kwa hiyo yaya alikuwa sokoni. Alipokea mara ya kwanza, maana mimi alikuwa ananipokea siku zote mara ya kwanza. Uso wake ukajaa ukuta mzima. Alikuwa anacheka, mapengo wazi, kopo la kupimia mkononi, na nyuma yake Mama Safi, jirani yake wa meza kutoka Butembo anayeuza maharage, alikuwa ananipungia mkono.

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti. Akasema polepole kama watu wanavyosema na mgeni: Abuela, una miaka sabini na bado unafanya kazi juani kwa ajili ya mjukuu wako, unataka kutuambia nini? Halafu akanigeukia nitafsiri.

Nikatafsiri hivi, kwa Kiswahili chetu, bila kumtazama usoni: "Yaya, wamama wanakusalimia. Wanataka useme neno kidogo juu yangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ukalimani.

Kicheko cha yaya kilikuwa bado kiko mdomoni lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Aliniangalia. Kisha akaweka kopo chini. Akavuta kitambaa cha kichwa mpaka karibu na nyusi, kama wanavyofunga vikongwe wetu. Akainamisha mabega. Akafumba mdomo kuficha mapengo, akaufungua tena, na kwa Kihispania, polepole, kila vokali mahali pake, akasema: "Buenas tardes, señoras. Soy la abuela. Por favor, ayuden a mi nieta."

Habari za mchana, kina mama. Mimi ndiye bibi. Tafadhali msaidieni mjukuu wangu.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi! Watu walilia. Doña Pilar alilia akinishika bega. Mwaka wangu wa pili ulipitishwa pale pale, mikono yote juu, na mwenyekiti akanibusu mashavu yote mawili. Nilipogeuka kuangalia skrini ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Jioni ile nilipiga mara nyingi. Hakupokea. Nilituma odio, zikakaa bila kusikilizwa. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ikapita hivyo hivyo... Sikula vizuri, darasani nilikaa kama gogo, na kila nilipopita sebuleni ile shali ya kijivu ilikuwa kwenye kiti, imekunjwa, inangoja mtu wa kuipeleka Bunia.

Ndipo nikampigia Mama Safi. Alishusha pumzi kwanza. "Yaya yako iko hapa karibu yangu, lakini anakatala kushika telefone. Anasema makoko hawasikiaka muzuri, masikio ilishazeeka." Koko ndilo neno letu la bibi. Kisha akaondoka pale akanieleza mengine kwa sauti ya chini. Kwamba yaya alikuwa anasikiliza odio zangu kutwa nzima, waya sikioni, akirudia maneno huku anapima samaki. Kwamba alikuwa na daftari. Alitaka kunishangaza siku nitakaporudi, aniamkie kwa Kihispania uwanjani. Kwamba siku ile ya skrini soko zima lilisikia akijiita abuela wakamwuliza maana yake, na yeye, ambaye hajui kusema uongo akiwa amechoka, aliwaeleza. Sasa watu wa soko walikuwa wanamwita Koko, kwa utani, na yeye alikuwa anaitika.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikalia mpaka jirani wa ghorofa ya kwanza akaniletea maji.

Jioni nilimweleza Doña Pilar kila kitu. Hakunifokea. Alisema miezi minane amemwombea mwanamke ambaye hayupo, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Hilo liliniuma na linaniuma bado, maana yule mama hakunikosea kitu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwingine. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia ukweli, nikamwomba awaite wale kina mama katika ukumbi ule ule, nami niseme mbele yao kwamba Mapendo ni dada yangu, na yeye awepo kwenye skrini asikie nikisema. Alinisikiliza akigeuza pete kidoleni. Akasema wanachama wataumia, kikundi kitachekwa, na kwa faida ya nani? Akaniambia nibaki. Mwaka wa pili ni wangu, haujaondolewa. Nisirudie tu kulitaja jambo hili. Akasema: "Es solo una palabra." Ni neno moja tu.

Wasomaji, ile ndiyo njia panda yangu, na ndiyo inayowafanya watu wa Bunia wanione mwehu. Ningeweza kubaki! Hakuna aliyenifukuza, wala sheria yoyote haikunigusa. Nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa nimeshakuwa bingwa wake.

Nilimwambia kwamba mkalimani ana kazi moja, kusema kilichosemwa. Kama nitaanza kusomea kazi hiyo kwa kuendelea kumwita dada yangu bibi, nitakuwa nasomea nini? Alisema mimi bado kijana na nimekasirika. Nikamwambia ndiyo, nimekasirika, na nikamwachia kiti chake.

Kabla ya kuondoka nilifanya mtihani wa kuzungumza. Mada ilikuwa mtu muhimu maishani mwako. Nikaanza: mi yaya es mi hermana mayor, yaya yangu ni dada yangu mkubwa. Mtahini akanikatiza kwa upole, akaniambia bila shaka nilitaka kusema bibi. Nikamwambia hapana. Akasema lakini neno hilo kwa Kihispania... Nikamwambia, mama, neno hilo lilivuka bahari nikiwa nalo mimi, maana yake naijua. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Cheti changu cha Kihispania kipo ukutani nyumbani, na alama ya msamiati ni pungufu, na kila mgeni akiingia namwonyesha mahali ilipopungua.

Nilifika Bunia saa nne asubuhi. Uwanjani hapakuwa na mtu. Nikapanda pikipiki na sanduku langu mpaka sokoni, vumbi jekundu limenijaa mdomoni, nikashuka mbele ya meza ya samaki. Wote waligeuka kuona yaya atafanya nini. Yaya alimaliza kumpimia mteja wake, akamrudishia chenji, halafu akaniangalia.

"Karibu, mujukuu. Safari ilikuwa namna gani?"

Soko likacheka. Mimi nilitamani vumbi linifunike.

Nyumbani aliniwekea bugali na sombe, yale majani ya muhogo, hakuninyima kitu. Aliniita mujukuu nilipokula, aliniita mujukuu aliponitandikia. Siku ya tatu nilipiga magoti nikamwomba anitukane, anipige, aseme lolote jingine. Ndipo aliponiambia, kwa sauti ndogo, akiwa anachambua majani:

"Mutoto sikuzala. Bwana nilimuacha aende. Hiyo yote nilikubali mi mwenyewe, hakuna mutu alinilazimisha. Lakini weye ulinipandisha moja kwa moja mpaka kuwa koko. Ulinirukisha katikati ya maisha yangu yote. Siye tulitoka Fataki wawili, yaya na mudogo wake. Sasa yule yaya ulimupeleka wapi?"

Nilimwuliza kwa nini basi alinisaidia siku ile, kwa nini hakusema ukweli mbele ya wale watu aniaibishe, nilistahili. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Ungefukuzwa," akasema, akaendelea na majani.

Kesho yake niliamka kabla yake nikambebea mzigo mpaka sokoni. Nikapanda juu ya kreti la bia, mbele ya wauza maharage na wauza makayabu, samaki wa chumvi, na wale vijana wa pikipiki, nikasema nilichokataliwa kusema Zaragoza. Kwamba mimi, Espérance, nilidanganya wazungu kwamba yaya yangu ni koko yangu, kwamba nilimpa miaka sabini, kwamba nilipata faida kwa hilo, kwamba nimeacha Poto kwa sababu ya neno hilo moja, na kwamba yeyote anayemwita Koko anarudia uongo wangu mimi, si utani wake yeye. Waliguna, wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Hapo ndipo nilipopata jina la Neno Moja. Yaya alinivuta sketi. "Shuka, unanifukuzia bateja."

Nikashuka. Lakini kesho yake nilirudi, na siku iliyofuata. Kila mteja aliyesema Koko nilimsahihisha. Huyu si koko, ni yaya. Wengine walikasirika wakaenda kununua kwingine. Mama Safi alisema nitamfilisi dada yangu kwa kumtetea. Na yaya aliendelea kuniita mujukuu, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, nami niliitika, maana lilikuwa deni la mdomo wangu mwenyewe.

Msimu wa mvua ulipoanza, alikuja kijana mmoja mnunuzi wa dhahabu kutoka machimboni, miwani ya jua usoni, haraka zake nyingi. Akasema bila kuangalia: "Koko, kopo ni ngapi?" Nilivuta pumzi niseme la kila siku. Sikuwahi. Yaya alikuwa ameshasimama, kitambaa cha kichwa amekisukuma nyuma mpaka nywele zote nyeupe zikaonekana, mapengo wazi.

"Koko iko kwenu. Mi niko yaya. Niko yaya ya huyu hapa."

Akanionyesha kwa kopo. Kijana akaomba radhi, akanunua makopo mawili akaondoka. Yaya akaketi, akafuta mikono, akaniambia kwa Kihispania nisogeze kiti, jua linanichoma. Nikamsogelea. Niliinama nikajifanya nachambua samaki ili asione uso wangu.

Shali ya Doña Pilar ilifika kwa posta ya masista mwezi uliofuata, pamoja na karatasi ndogo: kwa dada. Yaya huivaa asubuhi za baridi na anasema imefumwa vizuri.

Ninyi mnaosoma ugenini, au mnaojiandaa kwenda, nawaomba kitu kimoja. Mtu akikosea juu ya wako, msahihishe siku hiyo hiyo, hata kama kosa lake ni tamu, hata kama mkononi ameshika zawadi. Msingoje lugha ikomae. Mimi nilingoja, na kila siku niliyongoja alizeeka mtu ambaye hakuwa na hatia. Na mkiambiwa ni neno moja tu, waulizeni kama ni dogo hivyo mbona wanaogopa mliseme ukumbini!

Sina cheti cha ukalimani na pengine sitakipata. Nafundisha Kihispania kwa watu wanne barazani kwetu, na yaya hukaa nyuma na daftari lake akinikosoa ile j.

Barua hii nimemsomea yote kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomwuliza kama kuna kitu nifute, alifikiri kidogo.

"Usifute. Pale uliandika ile sabini, uandike na yangu ya kweli. Ilishafika karante. Andika kwa maandiko, wasome wote."

Yaya yangu Mapendo ana miaka arobaini.